Nyumba ya bati ya dola milioni tano, na waliobaki na msingi

Ukimwambia mtu wa Dar kuna nyumba ya bati imeuzwa karibu dola milioni tano, kitu cha kwanza atauliza iko wapi, Masaki? Ukimwambia hapana, ilikuwa Brazzaville, ikafunguliwa nati moja moja, ikapakiwa kwenye makontena ikaenda Ufaransa, halafu ikapigwa mnada New York, hapo atacheka, ataona unamletea stori za kijiweni. Hata mimi nilicheka nilivyoisikia mara ya kwanza. Nyumba ya bati juu mpaka chini sisi tunaijua, ni zile kota za polisi za zamani tulizokuwa tunaziita full suti, mchana ukiingia unaiva, mvua ikinyesha usiku humsikii mwenzako hata akipiga kelele. Sasa nani atoe dola 4,968,000 anunue full suti?

Alipatikana. Tarehe 5 Juni 2007, mnada wa Christie's, na mnunuzi ni André Balazs, mwenye mahoteli Marekani. Nyumba yenyewe inaitwa Maison Tropicale, yaani nyumba ya kitropiki, mchoro wa Jean Prouvé na mdogo wake Henri Prouvé, na zilijengwa tatu tu duniani: moja Niamey, mji mkuu wa Niger, mwaka 1949, mbili Brazzaville, Kongo ile iliyokuwa ya Wafaransa, mwaka 1951. Zote tatu leo hazipo Afrika. Na watu wakiizungumzia hii ishu wanagawanyika fasta, upande mmoja wanasema tuliibiwa, upande wa pili wanasema tuliokolewa maana ingekuwa chuma chakavu, na mimi naona wote wanaruka pale penyewe. Ila kabla sijafika huko ngoja nieleze nyumba kwanza, maana bila kuielewa utabaki kushangaa bei tu.

Huyu Jean Prouvé hakuwa msanifu majengo wa kusomea, hilo watu hawalijui. Alikuwa fundi chuma. Alizaliwa 1901, akakulia Nancy mashariki mwa Ufaransa, baba yake Victor alikuwa msanii wa kujulikana, yeye akapelekwa kujifunza uhunzi, kupiga nyundo chuma cha moto, akafungua karakana yake mwaka 1924 akitengeneza mageti na reli za ngazi. Mwenye vyeti vya usanifu alikuwa Henri. Vita vya pili Jean alikuwa kwenye harakati za kupinga Wajerumani, mji ulipokombolewa 1944 wakampa umeya wa Nancy kwa muda, halafu akarudi kwenye mabati yake, na 1947 akahamia kiwanda kikubwa pale Maxéville. Angalia kiti chake kinachojulikana kuliko vyote, miguu ya mbele ni vibomba vyembamba lakini ya nyuma ni minene imekunjwa kwa bati, kwa sababu mtu akikaa uzito unalalia nyuma. Basi. Hakuna urembo hapo, ni fundi anaweka chuma pale panapobeba mzigo. Nyumba yake ni hesabu hiyohiyo, imekuzwa tu.

Ufaransa baada ya vita ilikuwa na shida mbili. Moja, makoloni yalikuwa yanahitaji nyumba za watumishi, walimu, mameneja, na vifaa vya ujenzi vilikuwa haba. Ya pili, viwanda vya aluminiamu vilikuwa vinatafuta soko. Wakamwambia Prouvé tuchoree nyumba inayoweza kutengenezwa kiwandani Ufaransa, ikafungwa kwenye ndege ya mizigo, ikaunganishwa Afrika. Jamaa akakaa na mashine zake. Mashine yake ya kukunja mwisho wake mita 4, basi hakuna kipande kirefu zaidi ya mita 4, wala kizito kiasi kwamba watu wawili hawakibebi. Kila kitu kinakaa kwenye mraba wa mita 1 kwa mita 1, kwa hiyo ukuta unaweza kuwa mlango, mlango unaweza kuwa dirisha, unachomoa unapachika. Katikati fremu za chuma kilichokunjwa, zilizobaki karibu zote aluminiamu.

Halafu joto, maana hapo ndipo full suti yetu na hii zinapoachana kabisa. Paa ni mbili, ya juu inapigwa jua, ya chini inakaa kivulini, katikati upepo unapita na hewa ya moto inatokea juu kabisa kwenye mgongo wa paa. Kuzunguka nyumba yote kuna baraza, na baraza lenyewe limezibwa na luva za aluminiamu, yaani vibao vyembamba vya kukinga jua, unazoweza kuzigeuza kulifuata, kwa hiyo jua likipiga linaishia kwenye luva, ukuta wa ndani haulioni. Kwenye kuta kuna vidirisha vya duara kama vya meli, vya kioo cha bluu, kupunguza ukali wa mwanga. Zile za Brazzaville ziliinuliwa juu ya miguu, hewa ikapita na chini. Na hapo hakuna feni hata moja kwenye mchoro, ni upepo na kivuli tu. Ukiniuliza mimi, huyu mtu alielewa joto la Afrika kuliko wengi wanaotujengea maghorofa ya vioo Posta, Dar, leo halafu wanapachika eisii mia mbili ukutani.

Lakini mradi ulikufa. Walitarajia zitajengwa nyingi, zikaishia tatu. Bei haikuwa rahisi kuliko kujenga kwa kawaida palepale Niamey au Brazzaville, ukijumlisha na kusafirisha ndiyo kabisa, na wakoloni wenyewe hawakuzipenda, mtu ametoka kwao amekuja kuwa bosi anataka nyumba ya kuta nene na vigae, nyumba ya kibosi, wewe unamwekea kitu kinafanana na treni. Ya Niamey aliwekwa mkuu wa shule. Za Brazzaville moja ilikuwa ofisi ya kutangaza aluminiamu na nyingine makazi ya meneja wake, kwa hiyo ukiangalia vizuri zile nyumba zenyewe zilikuwa tangazo, watu wapite barabarani waone aluminiamu inafaa, waagize. Hawakuagiza. Mwaka 1953 Prouvé mwenyewe akawa ameshaondoka kiwandani kwake, wenye hisa wa aluminiamu walishaingia, maamuzi yakawa si yake tena.

Na hapa kuna kitu kinanichekesha kidogo: ule ubovu wa biashara ndio uliokuja kuzaa bei. Zingejengwa elfu moja zingekuwa zimetapakaa kutoka Dakar mpaka Pointe-Noire, watu wangezibandika matangazo ya simu na kuuzia chipsi kwenye baraza, na hakuna ambaye angetoa hata dola elfu hamsini. Zilikuwa tatu kwa sababu Afrika ya wakoloni ilizikataa, na kwa kuwa ni tatu zikawa dhahabu.

Sasa fanya hesabu ndogo. Brazzaville zilisimama 1951. Kongo-Brazzaville imepata uhuru tarehe 15 Agosti 1960. Hiyo ni miaka tisa ya Wafaransa. Kuanzia hapo mpaka zilipofunguliwa na kuondolewa karibu mwaka 2000 ni miaka arobaini ambayo Wakongo wameishi humo, wamefanya kazi humo, wamepika, wamezaa, wameongeza chumba, wamepaka rangi wanayoipenda, wamepita na vita vya 1997 vilivyoacha matundu ya risasi kwenye bati. Arobaini kwa tisa. Halafu ukisoma habari zilizoandikwa wakati nyumba inazungushwa Marekani na Ulaya, unakuta Prouvé yupo, aluminiamu ipo, matundu ya risasi huyakosi maana hayo yananogesha stori, lakini ile miaka arobaini imefupishwa kuwa neno moja, zilisahaulika. Zilisahaulika na nani? Mtu anayelala ndani ya nyumba hajaisahau.

Aliyezitoa anaitwa Éric Touchaleaume, mfanyabiashara wa samani za kale wa Paris. Jamaa alikuwa ameshazoea kazi hizo, ndiye huyohuyo aliyekuwa anakwenda Chandigarh kule India kukusanya viti vya msanifu Pierre Jeanneret vilivyokuwa vimetupwa nyuma ya ofisi za serikali kama taka, anavisafisha, vinauzwa kwa bei ya gari. Yeye siku zote anasema alizinunua nyumba zile kihalali kwa waliokuwa nazo. Akazipeleka Ufaransa, zikarekebishwa, pesa za kazi yote zilisaidiwa na tajiri mmoja wa Marekani, Robert Rubin, ambaye akachukua moja ya zile za Brazzaville akaizungusha Chuo Kikuu cha Yale na Los Angeles mwaka 2005, na baadaye ikaenda jumba la sanaa la Centre Pompidou, Paris. Ile kubwa ya Brazzaville ndiyo ya mnada. Ya Niamey akabaki nayo Touchaleaume.

Hiyo ya Pompidou ina utamu wake wa pembeni. Jopo lililochagua mchoro wa jengo la Pompidou mwaka 1971, lile lenye mabomba nje, mwenyekiti wake alikuwa nani? Jean Prouvé. Alilichagulia jengo umbo, halafu jengo likaja kuihifadhi nyumba yake.

Na nyumba hizi zinapenda mito jamani. Ile ya Niamey kabla haijasafirishwa iliunganishwa kwanza Paris kando ya Seine watu waione, ikaenda kuishi mji wa mto Niger. Zile mbili zikaishi mji wa mto Kongo. Kabla ya mnada ile kubwa ikasimamishwa Queens, kando ya East River, matajiri wakaja kuigusagusa. Mwaka 2008 ikasimama London mbele ya jumba la sanaa la Tate Modern, kwenye mto Thames. Katika mito hiyo yote kuna miwili tu ambayo nyumba ilikaa kwa kazi yake, mingine ilikuwa maonyesho.

Turudi kwenye ubishi. Wanaosema tuliibiwa wana uchungu wa kweli lakini hoja inawateleza, maana hii si sanamu ya mfalme iliyobebwa baada ya kuchoma ikulu. Rais Macron wa Ufaransa alivyosema Ouagadougou mwaka 2017 kwamba vitu vya Afrika virudi, ikaja ripoti ya wasomi Felwine Sarr na Bénédicte Savoy kuhusu kuvirudisha mwaka 2018, vikarudi Benin vitu 26 mwaka 2021, ile mantiki ilikuwa ya vitu vilivyotengenezwa huku na kuchukuliwa kwa nguvu. Nyumba ya Prouvé ilitengenezwa Maxéville na Wafaransa kwa ajili ya Mfaransa mwenzao, Mkongo hakuwemo kwenye hesabu ya nani atalala kule ndani, na ikaja kuuzwa. Ukisimama mbele ya hakimu na hoja ya wizi utatoka na aibu.

Wanaosema tuliokolewa nao wana pointi moja ya kweli. Aluminiamu ina soko. Sote tunawajua wale vijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wao, mfuniko wa chemba ya barabarani hauponi kwao, sembuse luva za aluminiamu nyumba nzima kwenye mji uliotoka vitani. Ni kweli ingeweza kuishia kwenye mzani. Lakini neno kuokoa lina kazi nyingi mdomoni mwa mtu anayeuza. Mwokoaji gani anaokoa halafu anapiga mnada?

Mimi ninachokiona ni kitu cha kawaida kabisa na nimekiona nyumbani. Shangazi yangu Pangani alikuwa na mlango wa nakshi, ule wa miti minene, umekula chumvi ya bahari miaka na miaka, mbao ya chini imeanza kuoza. Akaja bwana mmoja na kisuzuki, mpole, anaamkia shikamoo mama, anasifia chai, akasema mlango huu umechoka mama, mimi nitakuchukulia na nitakuwekea mpya wa geti. Shangazi akakubali, na akafurahi, hilo lazima niseme, geti lilikuwa zuri na lilikuwa na kufuli. Alipiga hesabu ya mbao. Yule bwana alikuwa anapiga hesabu ya nakshi, ya umri, ya hoteli itakayoutaka. Wote wawili walipeana mkono kwa amani na hakuna aliyedanganya neno moja, ila walikuwa wanauziana vitu viwili tofauti. Nilipomuuliza baadaye shangazi unajua ule mlango unaweza kuwa umeuzwa shilingi ngapi, akaniambia mwanangu wewe ulikuwa wapi siku ile?

Hapo ndipo nyumba ya Brazzaville ilipo. Muuzaji anapima bati, mnunuzi anapima hadithi, na hadithi ina makaratasi. Touchaleaume alijua anatafuta nini kwa sababu michoro ya Prouvé ipo, imetunzwa Nancy kwenye nyaraka za mkoa na Pompidou pia, picha zipo, majarida ya miaka ya hamsini yapo. Mtu anayekaa ndani ya nyumba kwa miaka ishirini anajua inavyovuja na upepo unaingilia wapi, lakini hana hata karatasi moja inayosema aliyeikunja ni nani. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza tu kwamba daftari likikaa kwa mwingine mali haipotei, inalifuata daftari.

Na tusijifanye hili ni la Wakongo na Waniger. Miaka ileile Prouvé anakunja bati, huku kwetu kulikuwa na Ernst May, Mjerumani aliyejenga mitaa mikubwa ya Frankfurt kabla ya vita, akaja Tanganyika 1934, akalima kahawa karibu na Arusha, halafu akarudi kwenye kuchora majengo akiwa Nairobi. Na yeye alibuni nyumba za vipande vya zege vya kuunganisha, wazo lilelile la kiwanda kumletea Mwafrika makazi, na lenyewe halikufika mbali. Jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, pale Moshi ni la kwake. Waulize wanaopita mbele yake asubuhi wakienda kazini. Nadhani wengi watakwambia ni jengo la ushirika, na si uongo, ni jengo la ushirika.

Aliyeielewa hii stori kuliko wote kwa maoni yangu ni Ângela Ferreira, msanii aliyezaliwa Maputo. Yeye alikwenda Niamey na Brazzaville kupiga picha, sasa utajiuliza anapiga picha ya nini wakati nyumba hazipo. Alipiga msingi. Zege lililobaki, vumbi, mahali penyewe. Halafu mwaka 2007, mwaka uleule wa mnada, akaonyesha kazi yake kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kitu kama kontena ambalo ndani vipande vya nyumba vimepangwa kama mzigo ulioko safarini na wewe unapita katikati yake. Manthia Diawara, mtu wa Mali, alimfuata kwenye safari hiyo na kamera akatoa filamu mwaka 2008, na ndani yake ndiyo unawasikia watu wa Niamey na Brazzaville wenyewe wakiongea kuhusu nyumba zilizokuwa zao, na ajabu ni kwamba hawalii. Wanajibu maswali.

Mimi sidai irudishwe. Irudi ikae wapi, nani ailinde, na kwa nini mji ule ubebe gharama ya kutunza tangazo la biashara la mkoloni? Ningetaka kitu kidogo tu, popote nyumba hizi zinaposimamishwa, pale kwenye kibao wanapoandika 1951, Prouvé, aluminiamu, waandike na 1960 mpaka 2000 ilikuwa nyumba ya watu. Na waache kusema iligunduliwa. Na ningetaka michoro yake iwe huku pia, kwenye vyuo vyetu vinavyofundisha ujenzi, kwa sababu ile paa mbili na lile baraza bado ni jibu zuri kwa joto letu kuliko vitu vingi vinavyopitishwa na kugongwa mihuri sasa hivi.

Wiki iliyopita nilipita mtaa wa Gerezani hapa Dar nikamwonyesha picha fundi mmoja anayenitengenezeaga mageti, mzee wa makamo, miwani yake imefungwa waya. Nikamwelezea mkasa wote, Brazzaville, makontena, New York, nikamtajia na bei kwa shilingi nikisubiri ashtuke. Hakushtuka. Alikuwa anakuza picha kwa vidole viwili, anaangalia pale paa ya juu inaposhikana na ya chini, anaenda kwenye mkunjo wa nguzo, anarudi. Nikamwambia mzee, umenisikia lakini, dola milioni tano. Akasema nimekusikia. Halafu akaniuliza, "Hili bati geji ngapi?"

Nikaanza kupekua simu palepale. Bei nikaipata, jina la mnunuzi nikalipata, tarehe ya mnada nikaipata. Geji hakuna. Akanirudishia simu, akashusha miwani yake ya kuchomelea, akaendelea na geti la mtu.